Omolo Amekohoa

Jumatatu, 10 Machi

Daftari hili ni la kazi. Dada mmoja anayefundisha mtandaoni anasema kila anayeanzisha chaneli aandike tarehe, saa, waliotazama na kilichowachekesha. Haya basi. Saa tisa hadi saa kumi na nusu. Watu kumi na mmoja, na kwangu mimi hao ni umati. Mchezo: ule wa nyumba yenye jini, ambapo huna silaha na kazi yako ni kujificha tu. Sauti: ya Susu, nyanya yetu wa Kitui, Mungu amlaze pema, ambaye nimemwiga tangu nikiwa darasa la tatu.

Kilichochekesha: jini lilipopita kando ya kabati nililojificha, Susu aliliambia kwa lafudhi yake ya Kikamba, "Wewe, ukimaliza kutembeatembea funga mlango, mbaridi inaingia." Halafu mvua ya kwanza ya mwaka ikaanguka, stima ikapotea, nami nikasema bila kufikiri, "Ngojeni kidogo, Omolo amekohoa." Betri ya kompyuta hudumu dakika kumi. Dakika hizo zote watu waliuliza Omolo ni nani.

Jumanne, 11 Machi

Mzee Omolo ni mstaafu wa reli. Nyumba yake iko pembeni mwa laini yetu ya nyumba hapa mtaa wa Maringo, chini kabisa ya transfoma, na kifua chake hakijawahi kupona. Transfoma ikilowa hulia kho, kikavu hivyo, sawa na yeye. Kwa hiyo katika laini zetu tatu hakuna asemaye stima imepotea. Watoto wa kila nyumba hupiga kelele kwa pamoja, "Omolo amekohoa", naye mzee hujibu kutoka kwake, "Niwieni radhi." Ukivuka barabara tu uende mtaa wa Jericho, hawakuelewi.

Ijumaa, 14 Machi

Watu kumi na wanne. Kathini ameniomba nipunguze sauti ya nyayo za jini.

Niandike na hili, kwa kuwa linanisumbua kuliko hesabu ya watazamaji. Kathini ni dada yangu mkubwa. Alifika kwangu mwisho wa Februari na mfuko mmoja na binti yake Mwende, wa miaka minne. Mumewe, Muthama, dereva wa lori la mawe ya kujengea, alimsokota mkono wa kushoto hadi ukalia, na mpaka leo haunyooki vizuri. Alisema akitoroka tena atamfuata amalize. Ripoti iliandikwa polisi, namba yake iko kwenye pochi ya Kathini, lakini namba haizuii mlango. Kinachotulinda ni kwamba Muthama anadhani bado naishi mtaa wa Umoja. Nilihama Januari. Anayejua tuko hapa ni Mwaitu peke yake, na mama yetu huyo hata ukimpa chai ya maziwa matupu hakwambii kitu.

Chaneli haina jina langu wala uso wangu. Ni Susu tu.

Jumatano, 19 Machi

Nashindwa kuandika kwa furaha. Mtu alikata kile kipande cha mbaridi akakitupa kwenye makundi ya Wakamba kwenye simu, na sasa kinazunguka kama habari ya harusi. Jumapili nilikuwa na wafuasi sitini na watatu. Leo ni mia tisa na zaidi. Asubuhi nzima nikichapa hati za viapo pale kibandani karibu na korti za Makadara nilikuwa nacheka peke yangu, mpaka wakili mmoja akaniuliza kama kuna kosa kwenye hati yake.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepata mteja wa kudumu. Anajiita Jirani Mwema. Hasemi mengi. Kila nikianza laivu, kurusha mchezo moja kwa moja, anauliza, "Susu, kunanyesha huko?" Nami namjibu kwa adabu, "Kunanyesha, mwanangu, anika roho tu, nguo acha." Watu wanapenda.

Jumatatu, 24 Machi

Kunanyesha huko? Kunanyesha, tangu saa nane.

Jumanne, 25 Machi

Kunanyesha huko? La, leo jua. Omolo hajakohoa, watu wamelalamika.

Ijumaa, 28 Machi

Seth, mwana wa Mzee Omolo, karani wa kaunti, mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye tope, alinisimamisha bombani. "Niaje, Susu," akasema, akanikonyeza. Ndoo nusura inianguke.

"Umeniitaje?"

"Si wewe ndiye Susu? Ukuta ni mwembamba, Ndinda. Na hilo neno letu umelitoa wapi kama si hapa?"

Nilimwambia asimwambie mtu. Akasema hana neno. Simpendi. Anapita mbele ya dirisha letu mara nyingi mno, na nimeanza kufikiri kuwa Jirani Mwema ni yeye. Kwa jina kama hilo, nani mwingine?

Jumatano, 2 Aprili

Niliporudi kutoka kazini saa saba nilikuta komenti chini ya video ya juzi, imekaa hapo tangu saa tatu asubuhi. Ya Seth, kwa jina lake kamili na picha yake akiwa na tai: "Omolo ni baba yangu mzazi! Hilo ni neno letu la Maringo, laini tatu tu. Twajivunia Susu wetu."

Imesomwa kwa saa nne nzima. Niliifuta, baada ya kubonyeza pasipo mara mbili. Chini yake kulikuwa na jibu moja, la Jirani Mwema. Alikuwa ameandika, "Shukrani."

Nilienda kwao nikamfokea Seth mlangoni mbele ya mzee. Alishangaa sana. "Nilikusifu tu," akasema. Hiyo ndiyo inayoniogopesha. Mtu anayesifu kwa jina lake na tai yake hahitaji jina lingine. Jirani Mwema si Seth.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo nilianza laivu kwa ajili ya kumsubiri. Alikuja dakika ya tatu. Hakuuliza mvua. Aliandika, "Susu, yule mjukuu wako mkubwa, mkono umepona?"

Nilizima kila kitu. Kathini alikuwa amekaa kitandani akimsuka Mwende, akaniuliza, "Omolo?" Nikasema ndiyo. Stima ilikuwa ikiwaka juu ya kichwa changu, naye akaiangalia, kisha akaniangalia mimi, akarudi kwenye nywele.

Ni Muthama. Bila shaka ni Muthama. Nilimwiga Susu kwenye harusi yao, yeye mwenyewe alicheka mpaka akamwaga soda. Na mvua. Mungu wangu, ile mvua. Mtu anayezunguka Nairobi yote na lori anajua saa ngapi imenyesha Embakasi na saa ngapi imenyesha huku kwetu Jogoo Road. Nimemjibu siku kumi na mbili, kwa adabu, na mzaha juu yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Kufuta chaneli ni kubonyeza mara mbili. Wafuasi elfu moja mia tisa na arobaini. Nitafuta kesho.

Jumapili, 6 Aprili

Sikufuta. Kanisani niliomba nipewe nguvu ya kufuta, na hata nikiomba nilikuwa nikifikiria jinsi Susu angeligeuza ombi lenyewe kichekesho. Sijawahi kuwa na kitu changu kinachopendwa. Naliandika hili ili nione aibu nikilisoma. Naiona, na bado sijafuta. Kwa Kathini sijasema neno.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefanya hivi badala yake. Adhiambo, fundi cherehani wa mlango wa pili, atakuwa akitufungia kufuli kwa nje kila nikirudi kutoka kazini, ili anayepita aone hakuna mtu. Kathini nimemwambia ni kwa sababu ya wezi. Aliitikia kwa kichwa. Ufunguo anao Adhiambo, shingoni, pamoja na futi yake ya kupimia.

Jumanne, 8 Aprili

Tumefungiwa. Joto. Hakuna kilichotokea.

Jumatano, 9 Aprili

Tumefungiwa. Kila pikipiki inayopita inanipiga moyoni. Mwende anauliza kwa nini tunacheza mchezo wa jini bila kompyuta.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika haya alfajiri ya Ijumaa, lakini ni ya Alhamisi, na nataka yakae mahali pake.

Adhiambo alitufungia saa nane kisha akaenda soko la Muthurwa kununua uzi, akisema atakawia saa moja tu. Mvua ikaanza saa nane na nusu, ile ya kumwaga kama debe. Saa tisa nilisikia lori likizimwa barabarani. Nilijiambia malori ni mengi.

Halafu nikasikia sauti ya Muthama kwa Mzee Omolo. Alikuwa mpole sana. Aliuliza kama ndiye yule mzee maarufu anayekohoa. Na mzee, ambaye maisha yake yote hakuna mgeni aliyewahi kuja kumtafuta kwa sifa, alifurahi. Alimweleza yote, transfoma, mwaka iliowekwa, kifua chake, reli, watoto. Kisha Muthama akasema, "Na msichana anayelisema kwenye simu, anakaa wapi? Mimi ni shemeji yake, nimewaletea salamu za nyumbani."

"Twende nikupeleke," mzee akasema. "Usinyeshewe."

Walikuja chini ya mwavuli mmoja. Kathini alikuwa ameshamtambua tangu neno la kwanza. Alishuka kitandani akakaa sakafuni, mgongo ukutani chini ya dirisha, Mwende mapajani, mkono ule mbovu ukimzunguka mtoto. Mimi nilisimama nyuma ya mlango na sufuria. Sijui nilitaka kuifanya nini.

"Ni hapa," mzee akasema. "Lakini naona kufuli."

Kufuli likatikiswa. Likatikiswa tena, kwa nguvu, na mlango ukanigusa goti.

"Wametoka," mzee akasema. "Ngoja nikuletee kiti. Mgeni hasimami kwenye mvua."

Akamletea kiti. Akamletea chai. Nilisikia Muthama akiivuta chai ile kwa mdomo, umbali wa mbao moja kutoka usoni pangu. Alikaa. Dakika ishirini, arobaini, sijui. Kisha akatoa simu yake, na nje ya mlango wetu sauti yangu ikaanza kuongea: "Wewe, ukimaliza kutembeatembea funga mlango." Alikuwa akimwonyesha mzee. Walicheka wote wawili. Mwende alisikia sauti ya Susu ikitoka nje na aliangalia mdomo wangu, ambao haukuwa ukisogea, akatabasamu. Kisha akasikia cheko la baba yake. Tabasamu likaondoka. Alijikojolea bila kulia, na mkojo ukatambaa sakafuni mpaka kwenye kiatu changu.

Nilimwogopa Mungu wakati ule. Nilisema moyoni, nitafuta, nitafuta, nitafuta.

Ndipo transfoma ikalia kho.

Taa ilizimika, na laini nzima, kila nyumba, kila mtoto, kama kila siku ya mvua: "Omolo amekohoa." Na Mwende alifungua kinywa akapiga kelele pamoja nao. Ni mtoto. Ameishi hapa wiki sita na hilo ndilo neno la kwanza alilofundishwa na watoto wenziwe. Kiganja cha Kathini kilimfunika mdomo baada ya neno kwisha.

Kiti kilisogea nje.

"Umesikia?" Muthama akasema.

"Nini?"

"Mtoto. Humu ndani."

Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Nilimsikia mzee akivuta pumzi, akakohoa kweli, kikohozi kirefu, kisha akaipazia laini sauti, "Niwieni radhi." Kama kawaida. Ndipo akamjibu.

"Hapa kila ukuta una mtoto, bwana. Ukitaka kumfuata kila anayesema hivyo utabisha milango themanini. Hawa wa hapa wameenda ushago, kijijini kwao, Pasaka hii. Nimekumbuka sasa. Uzee."

"Ulisema wametoka."

"Wametoka kwenda ushago."

Kisha kitu kikagusa mlango juu ya kichwa changu. Nadhani ni paji la uso wake. Aliongea polepole, hakuwa akiongea na mzee.

"Kathini. Leo nina mzigo wa wateja kwenye lori. Kesho sina."

Lori liliwaka. Hakuna aliyesogea mpaka Adhiambo alipokuja saa kumi na moja, amelowa, akikimbia, uzi wake ukiwa kwenye mfuko wa plastiki kichwani. Alipofungua mlango alitukuta tulivyokaa. Alisema tu, "Mama yangu," akaenda kuchota maji.

Mzee Omolo alikuja baada yake, akasimama kizingitini na kofia mkononi. Alisema, "Nilimleta mimi mwenyewe. Nilimpa na chai." Machozi yalikuwa yakimtoka mzee wa watu. Nikamuuliza alijuaje kutuficha. Akasema, "Nilimsikia mtoto. Nikajiuliza, mtu aliyefungiwa ndani kwa nini habishi afunguliwe. Nikajua ni yule mgeni wangu anayeogopwa."

Mimi niliyemwona kila siku kama kichekesho cha laivu yangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefuta chaneli saa kumi na moja alfajiri. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji.

Kisha nikamwambia Kathini. Yote, kuanzia mvua hadi Seth hadi zile siku zote nilizoahirisha kufuta. Alikuwa akikunja nguo za Mwende kwa mkono mmoja. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Nilijua si wezi," akasema. "Nilidhani unaniogopea. Kumbe ulikuwa unaiogopea chaneli."

Mwaitu alishapanga kwa simu, kuna watu wa kanisa watakaowapokea. Adhiambo na Seth walikuja kubeba mfuko kabla hakujapambazuka vizuri. Seth alivaa malapa, mara ya kwanza nimwone hivyo, akatembea mbele akichungulia kila kona. Nikamuuliza Kathini wanakwenda wapi.

"Usiniulize."

"Sitamwambia mtu."

"Najua hutamwambia mtu, Ndinda. Hata hili hukumwambia mtu. Ulisema tu, hewani."

Mwende alinipungia mkono kwa vidole viwili. Nimekaa kwa Adhiambo kutwa, chini ya meza ya cherehani kama mtoto, na nimelia mpaka nikaona haya.

Jumamosi, 12 Aprili

Muthama alikuja jana alasiri kama alivyosema. Alikuta mlango wazi, chumba kitupu, na mbele yake Seth na wanaume watano wa laini wamekaa kwenye ngazi wakicheza drafti. Adhiambo alikuwa akichungulia, anasema Muthama aliangalia ndani kwa muda mrefu. Mzee Omolo hakumpa kiti.

Jumatano, 23 Aprili

Nimeenda kwa mzee kuomba msamaha kwa kutumia jina lake. Alisema jina ni lake na kikohozi ni chake, vyote amewagawia watu bure. Seth alininunulia soda. Simchukii tena. Alifanya kwa kujivunia kile nilichofanya kwa tamaa.

Jumapili, 4 Mei

Muthama hajarudi. Bado ninashtuka kila lori likipita.

Ijumaa, 16 Mei

Mwaitu anapiga simu kila Ijumaa. Namuuliza wako wapi, anasema wazima. Namuuliza wako wapi, anasema wanakula. Nimeacha kuuliza.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua imekwisha. Leo saa tisa namba nisiyoijua ilinipigia. Alikuwa Mwende. Alinieleza kuhusu paka mwenye mkia nusu kwa dakika tano nzima, bila kupumua. Kisha Kathini akachukua simu. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ile. Aliuliza kama ninacheza. Nikasema hapana. Akasema nicheze, lakini nitafute sauti nyingine, isiwe ya nyumbani.

Alipokuwa akisema hivyo, nyuma yake, nje ya dirisha, sauti ilipita. Mtu alikuwa akitangaza anachouza, kwa namna yake, na maneno mawili yaliyofuata yanatumika mahali pamoja tu. Wiki nyingi za kuogopa zimenipa masikio ya mbwa. Nilijua mji. Nilijua mtaa. Sitaandika hapa nilichokisikia, wala sitakisema nikiwa peke yangu.

"Kathini," nikamwambia, "ukinipigia tena, kwanza funga dirisha."

Kisha nikasikia kitasa kikigeuka na kelele zote za nje zikafa. Akarudi kwenye simu, akaniuliza mchana nimekula nini.